Kompyuta Haiitikii Hodi

Mtu akiniuliza Mwalimu alikuwa mtu wa namna gani, mimi huchoka kabla sijaanza. Si kwamba alikuwa mbaya. Kumweleza ni kama kukunja shuka pana peke yako: ukishika pembe hii, ile imeshakuponyoka. Kwao wapi na babake nani, hayo hayakunihusu wakati ule na hayanihusu leo. Mimi nilimjua kwa ukuta. Nyumba yake na yangu, hapa mtaani Barani, zilikuwa zimeegemeana ukuta mmoja, na miaka ile ya themanini kila alichokipiga upande wake nilikipokea upande wangu, nikitaka nisitake, mikono imo katika unga wa mahamri.

Alikuwa akisomesha hesabu na nyimbo skuli ya msingi. Baada ya kazi alikuwa kiongozi wa kikundi cha taarabu, ile ya zamani ya vyombo vingi: fidla, udi, kodiani, nai, dumbaki, besi kubwa ya kusimama nayo, na kanuni ile ya nyuzi chungu nzima ambayo mtu huilaza mapajani. Wakikusanyika kwake kufanya mazoezi, vyombo vyangu vya kabatini vilikuwa vikitetemeka.

Masikio yake yalikuwa adhabu, kwake na kwetu. Siku moja kaja mlangoni kwangu na kijichupa cha mafuta ya cherehani.

"Mama Fuadi, mlango wako unalia."

"Umekukosea nini?"

"Unalia sauti ambayo haimo popote. Si ya juu, si ya chini. Tangu asubuhi siwezi kula."

Akapiga magoti pale chini, na kanzu ya Ijumaa ameshaivaa, akapaka bawaba mafuta moja moja. Nikamwambia, "Na mkeo akilia je, huwa unampaka?" Nikamsikia Bi Zena, mkewe, anacheka nyuma ya ukuta mpaka akakohoa. Mwalimu hakucheka. Alifungua mlango, akafunga, akafungua tena, ametega sikio kama daktari. "Sasa inapita," akasema, akaenda zake msikitini.

Hiyo "inapita" ndiyo iliyokuwa sifa yake kubwa kuliko zote. Nimeona mwimbaji ameliza ukumbi mzima, wanawake wameinuka na noti zao kumtunza, vigelegele haviishi, na Mwalimu amekaa pembeni na kijiti chake cha kupigia kipimo, anasema inapita. Ukimpelekea sinia ya biriani uliyoamkia alfajiri, inapita.

"Siku nilipofunuliwa uso mimi bibi harusi," Bi Zena aliniambia mara moja tukichambua mchele, "unajua alisemaje?"

"Usiniambie."

"Basi ndiyo hiyo hiyo."

Na mtu huyo huyo asiyetoa neno jema, hakuna aliyetoka kwake na njaa. Wapigaji wake walikula kwake kila mazoezi, na waliokuwa hawana cha kupeleka nyumbani walibeba. Maskini wa Ijumaa walijua mlango wake. Lakini mwambie amsifu mwanafunzi wake kwamba ameimba vizuri! Angekuwa radhi akupe shati lake kuliko kusema.

Mambo yake mengi yalikuwa hivyo, yanapishana. Alikataza redio nyumbani kwake, akisema redio ni mtu anayeongea huku akila. Msikitini alikuwa akikaa safu ya nyuma kabisa, karibu na viatu. Wapo waliosema ni unyenyekevu, wapo waliosema ni aibu ya fidla. Mimi nilimwuliza. Akasema, "Nyuma ndiko sauti za wote zinakofika kwa pamoja." Sikumwuliza tena. Majibu yake yalikuwa yakinipa kazi.

Tena hakuwa mtu wa kuchagua. Kitu kimoja atakifanya bila wasiwasi, lakini mpe viwili! Sokoni husimama mbele ya samaki wawili, changu na tafi, huyu anamgeuza, yule anamnusa, mpaka mwenye samaki anamwuliza, "Mwalimu, unanunua ama unaposa?" Mwisho Bi Zena akamkataza kwenda sokoni. Viatu vyake alinunuliwa, nguo zake alichaguliwa na Athmani fundi cherehani, ambaye ndiye aliyekuwa akipiga fidla ya kwanza kikundini.

Nimtaje huyo Athmani, maana bila yeye habari hii haina miguu. Kibanda chake cha kushonea kilikuwa Muyeye, nyumba yake kichochoro kimoja nyuma yetu, na mkewe ni Bi Rukia. Mtu mrefu, mpole, ulimi mzito. Fidla yake ilikuwa imefungwa kwa uzi wa kushonea nguo pale ilipopasuka. Mwalimu alimpenda kuliko ndugu na alimgombeza kuliko mtumwa. Mazoezi mazima ilikuwa ni kijiti juu ya kikombe, ta ta ta, na sauti ya Mwalimu: "Athmani! Kipimo, Athmani!" Na Athmani anajibu, "Ndiyo, Mwalimu," halafu anapiga vile vile.

Sasa, kitu alichokitaka Mwalimu duniani kilikuwa kimoja, na mtaa mzima ulikijua. Alikuwa ametunga bashraf. Bashraf ni ule muziki wa kufungulia taarabu, hauna maneno, ni vyombo vitupu. Alikuwa akiutengeneza tangu nywele zake nyeusi. Hakuuandika pahali. Kila mpigaji alifundishwa sehemu yake kwa sikio mpaka ikakaa mkononi mwake, na sehemu ya mmoja mwenziwe hakuijua. Waliokuja kurekodi kaseti walitaka nyimbo zenye maneno, za kuuzika. Bashraf yake haikuwahi kuingia kwenye tepu hata mara moja.

Na wakati huo mahoteli ya ufukweni yalikuwa yanavuta wapigaji. Leo wa nai kaenda, kesho wa besi. Wanavalishwa mashati ya maua, wanawapigia watalii wanaokula kamba wa baharini, na ni halali yao, watu wana watoto. Waliobaki walikuwa wanazeeka.

"Akiondoka mmoja, Mama Fuadi, ameondoka na ukuta wa nyumba," Mwalimu akaniambia. "Nataka niiweke yote pamoja, mara moja tu, kamili. Baadaye na waende."

Akauza shamba lake la minazi la Kakuyuni. Bi Zena alinyamaza, na kunyamaza kwa Bi Zena kulikuwa na kelele kuliko kodiani. Nyumba yenyewe ndiyo iwe studio, Mwalimu akasema. Ndipo ikaja shida ya kuchagua, kwa sababu njia zilikuwa mbili na shamba lilikuwa moja.

Muhindi wa duka la redio alikuwa na rekoda kubwa ya tepu za magurudumu, na maikrofoni zake. Na katika hoteli moja kulikuwa na Mzungu aliyekuwa akipiga muziki ukumbi wa kulia. Msimu wake ulikuwa umekwisha, anarudi kwao, anauza kompyuta, kinanda cha umeme, na kisanduku cha sauti. Mwalimu alitupeleka mimi na Bi Zena tukaone, kwa maana macho yake mwenyewe hakuyaamini. Tulikwenda mchana, viti vimepinduliwa juu ya meza, mtu anapiga deki. Yule Mzungu akabonyeza kinanda, zikatoka fidla, si moja, fidla za harusi nzima. Akabonyeza pahali pengine, yakatoka mazumari. Kisha akatoa mikono yake kabisa, na vitu vile vikaendelea kupiga peke yake, na kwenye kioo kama cha televisheni vistari vinapita.

Bi Zena, aliyekuwa akiwapikia wapigaji miaka yote ile, alitazama, halafu akamwuliza mumewe, "Na hawa hawali?"

"Hawali."

"Basi nunua."

Lakini thubutu, Mwalimu wetu. Kila alasiri alikuwa barazani kwangu, mimi nakaanga viazi, yeye amepanga vikombe vyangu safu mbili.

"Kikombe hiki tepu. Kwenye tepu ni watu wenyewe, mikono yao wenyewe. Lakini wote waje siku moja, saa moja, na asikosee hata mmoja. Kikombe hiki kompyuta. Kwenye kompyuta napiga mimi mwenyewe, sehemu ya huyu, halafu ya huyu, moja moja, na yenyewe inazibeba zote pamoja. Nikikosea, nasahihisha. Lakini si wao."

"Kikombe hiki changu," nikamwambia, "na hicho pia changu. Rudisha, nina wateja."

Akasali istikhara. Ndiyo, alimwomba Mola amwonyeshe baina ya mashine mbili. Asubuhi kaja na uso umevimba. Ameota maji mengi.

"Maji ni kheri," akasema. "Maji ni kompyuta, yanapita."

"Maji na umeme?" Bi Zena akasema kutoka ndani. "Hapo umekatazwa, mume wangu."

Basi Muhindi alipomkubalia aichukue rekoda akaijaribu, Mwalimu alifurahi kama aliyesamehewa mtihani. Wapigaji wakaja kwangu, kwa sababu chumba changu cha ndani kina kuta nene za mawe na hakina dirisha la njiani. Ilikuwa baada ya chakula cha mchana, saa ambayo mji huu hujilaza. Tuliziba milango kwa magodoro. Kuku niliwafungia. Muuza kahawa tulimwomba apite njia nyingine na buli lake. Mle ndani joto lilikuwa la tanuri, jasho linawatiririka watu wazima kama wanaoungama, na Mwalimu kasimama katikati na kijiti, hata kikombe hakipigi, anapiga hewa tu.

Wakapiga. Mimi nilikuwa nimeketi chini kwenye kizingiti, nimejiziba mdomo kwa leso nisije nikakohoa. Mimi si mtu wa kusifu, lakini siku ile nilisahau magoti yangu yanauma. Fidla ya Athmani ilikuwa ikipanda, wengine wanaishikilia kwa chini kama watu wanaoshika ngazi. Nilijua inakaribia mwisho kwa vile Mwalimu alivyoanza kufumba macho.

Hapo hapo mlango wa mbele: "Hodi! Hodi humu!"

"Karibu!" wakaitikia.

Wote. Wa udi, wa dumbaki, Athmani na fidla imo kidevuni. Mimi mwenyewe. Na aliyeitikia kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa Mwalimu. Wewe utafanyaje? Tangu unanyonya unaambiwa hodi haiachwi chini. Mikono ilikuwa kwenye muziki, midomo ikafanya ilichofundishwa.

Alikuwa jirani karudisha chekecheke yangu.

Watu walicheka mpaka wa besi akakaa sakafuni. Athmani alijifuta machozi kwa mkono wa shati, akasema, "Mwalimu, uliitika kwa kipimo." Mwalimu hakucheka. Kurudia hakukuwezekana. Wa kodiani, Salim, alikuwa anangojwa hotelini, na Athmani alikuwa na nguo za Idi za watu zimelala cherehanini. Walipotoka, Mwalimu akaurudisha utepe nyuma.

"Kata hapo mwisho tu," nikamwambia. "Huko nyuma kote ni kuzuri."

"Si kamili."

Akaufuta wote, mwanzo hadi mwisho, amekaa anayatazama magurudumu yanavyozunguka. Kisha akasimama akakung'uta kanzu. "Kompyuta haiitikii hodi," akasema. Na huko ndiko kuchagua kwake kulikokwishia.

Ile kompyuta ikakaa juu ya meza ya vioo ya Bi Zena, manukato yake yakahamia dirishani. Bi Zena aliitarizia kitambaa cha kuifunika, kwa ajili ya vumbi na chumvi ya hewa yetu. Mwalimu akawa anajifunza kwa kitabu cha Kizungu na kwa kukosea. Asubuhi skuli, alasiri mashine. Alikuwa akivaa vile vidude vya masikioni, na muziki wote unaingia humo, hautoki nje. Kwangu upande wa pili ilikuwa ikija sauti ya vidole tu, tok, tok tok, kama mtu anayemenya njugu. Vyombo vyangu vya kabatini vilitulia. Nilikuwa nimeomba utulivu huo miaka mingi, na ulipokuja haukunifurahisha.

Wapigaji hawakukasirika, si mwanzoni. Walikuja kuona, wakaichezea. Athmani aliambiwa aisikilize fidla ya ndani ya kinanda. Akasikiliza, akavua vile vidude, akavifuta jasho kwa heshima. "Fundi mzuri," akasema. "Mshono wote sawa." Mwalimu akampangia siku ya kuja aketi naye, ampigie sehemu yake pole pole, aipeleke kwenye mashine. Siku hiyo ikasogezwa kwa sababu ya nguo za skuli. Ikasogezwa tena kwa homa. Homa ile ilikuwa ya kifua, nayo haikumweka Athmani siku nyingi. Alikufa asubuhi, Bi Rukia amemshikia kikombe cha uji.

Watu wa kwetu wanajua msiba unavyokwenda. Habari inapita mlango kwa mlango, na kila inapopita redio inazimwa. Wanaume wakakusanyika barazani kwa marehemu, wanawake tukaingia ndani na jikoni. Nikatumwa kwa Mwalimu kuchukua sufuria kubwa na mikeka, Bi Zena alikuwa ameshatangulia kumshika mfiwa. Sikubisha hodi. Nilijua hakuna mtu.

Alikuwepo. Ameketi mbele ya meza ya vioo, vidude masikioni, mgongo kwangu, vidole vinakwenda.

"Mwalimu!"

Hakusikia. Nikamvuta ule waya ukatoka.

"Maiti bado yumo ndani hajaoshwa, na wewe wapiga muziki?"

"Hausikiki," akasema.

"Na Mungu naye ni kiziwi?"

Akanigeukia. Uso wake ulikuwa umelowa wote, mpaka ndevu. "Mama Fuadi, nikingoja arobaini mkono wake utakuwa umeshanitoka. Sasa hivi bado namsikia. Kesho nitamsikia kidogo. Sehemu ile hakuna mtu mwingine aliye nayo. Imo humu," akajigusa sikio, "na kule inakokwenda kuzikwa."

Mimi nimezika mume na nimezika watoto. Najua mtu hupotea masikioni kabla hajapotea machoni, hilo hakunidanganya. Lakini pia najua kwa nini mtaa hunyamaza. Haunyamazi kwa sababu kelele zinamuumiza maiti. Unanyamaza ili kila mtu, mwenye kupenda na asiyependa, aache alichonacho mkononi kwa ajili ya mmoja. Nikamwambia, "Vaa kofia yako ukamzike mwenzako. Ukirudi, hayo ni yako na Mola wako." Nikachukua sufuria.

Alikwenda. Alibeba jeneza kwa bega la mbele, hakumpisha mtu mpaka makaburini. Akarudi, na kabla mikeka haijakunjwa nikaisikia ukutani: tok, tok tok. Siku zote za msiba nikaisikia. Sikumwambia mtu yeyote, wala Bi Zena sikumwuliza, ingawa macho yake yalikuwa mekundu kuliko ya msiba wa jirani.

Angefunga mdomo, habari ingekwishia hapo. Lakini Mwalimu kwa jambo la muziki hakuwa na siri. Siku ya khitma ya arobaini, Kurani imesomwa, watu wanakunywa kahawa na halua, wapigaji wake wamekaa pamoja ukutani. Mimi nilikuwa nimekaa na wanawake nyuma ya pazia, na pazia halizuii masikio.

"Nimemweka Athmani," akawaambia, na sauti yake ilikuwa na furaha ya mtu aliyeokoa kitu kwenye moto. "Mkono wake wote. Nilianza siku ile ile."

"Siku ipi?" Salim akauliza.

"Ya mazishi."

Kikombe kikatua kwenye kisahani. "Sisi tumevifunga vyombo vyetu kwa nguo arobaini nzima," Salim akasema. "Mimi nimeikosa hoteli, wameshaweka mwingine. Na wewe ulikuwa na kikundi kizima ndani?"

"Hakikusikika, Salim. Hata jirani hakusikia."

"Basi na kiendelee kutosikika."

Wakainuka. Waliaga vizuri, kwa sababu ilikuwa nyumba ya khitma, wakampa mkono mmoja mmoja. Hawakurudi tena kwake. Kwenye harusi wakapiga na kiongozi mwingine, baadaye na kinanda kimoja na mwimbaji, baadaye hawakupiga.

Bashraf aliimaliza. Sehemu zote, peke yake, na zikawa zinakwenda pamoja ndani ya mashine kama alivyotaka. Ilikuwa kamili, na hakukuwa na mtu wa kuisikiliza. Mimi alinipa vile vidude mara mbili tatu, nikamwambia masikio yangu ni ya kizamani. Alizeeka ghafla. Hata milango inayolia akaacha kuijali. Wangu ulianza tena kulia, na hakuja.

Bi Rukia alipotoka eda ya kufiwa, alikuja kwangu kabla hajakwenda popote. Alikuwa amekonda, leso imemzidi.

"Nasikia yuko kwa Mwalimu," akasema.

"Nani?"

"Mume wangu. Nipeleke."

Nilimwangalia kama ana homa. Nikavaa buibui yangu tukaenda, maana asingeweza kuingia peke yake. Bi Zena alitufungulia, akaona ni nani, akatuwekea viti, akatoka kwenda jikoni. Mwalimu aliinuka haraka mpaka kiti kikaanguka. Akauliza kama afungulie sauti nyumba nzima.

"La," Bi Rukia akasema. "Yeye tu. Wengine watoe."

Basi akawanyamazisha wengine kwenye mashine, akaiacha fidla peke yake, akamvisha vidude masikioni juu ya leso. Mimi sikusikia kitu. Niliona vistari vinapita kwenye kioo, na uso wa Bi Rukia unangoja, kisha umeacha kungoja.

"Huyu nani?" akauliza.

"Athmani. Sehemu yake, mwanzo hadi mwisho."

"Mume wangu hakuwahi kufika mapema hivi."

"Alikuwa akichelewa, Bi Rukia. Hasa pale inapopanda. Nilimsahihisha miaka na miaka, Mungu amrehemu. Mashine inaipanga kila sauti pahali pake. Nimemtoa lile kosa."

"Mimi nimeishi na hilo kosa. Mrudishe."

Akafikiri hajamsikia vizuri. Bi Rukia akanyoosha kidole kwenye kioo, hajui anachokielekeza. "Mcheleweshe."

Mwalimu akavaa miwani yake. Akabonyeza, akasogeza, akapiga. Bi Rukia akatikisa kichwa: bado. Akasogeza tena.

"Bado. Alikuwa akingoja kwanza. Hata sahani ukimwekea anaitazama kwanza."

Akasogeza.

"Bado kidogo."

"Ikizidi hapa inatoka nje ya kipimo."

"Itoke."

Akaitoa. Sijui alisogeza nini, lakini niliona mkono wake umesita juu ya vile vibonyezo kama mtu anayeombwa avunje sahani nzuri. Akapiga.

Bi Rukia alikuwa amevishika vile vidude kwa mikono yote miwili. Mikono ikashuka mapajani. Hakulia. Alikaa vile ambavyo mtu hukaa mtu mwingine akiwa chumbani. Vistari vikapita vyote, vikafika mwisho.

"Huyo," akasema.

"Huyo," Mwalimu akaitikia pole pole, na nikaona kwamba na yeye alikuwa amemtambua, bila hata kusikia, kwa kuangalia tu pale vistari vilipokaa. Akajipapasa mifukoni, akashika diski. Nilikuwa nimekaa na mtu huyo kiasi cha kujua: alichokifanya kwenye mashine, asipokiweka kwenye diski, ukizima kimekwenda. "Ngoja nimhifadhi. Dakika moja, Bi Rukia."

"Usimhifadhi. Zima."

"Bi Rukia, hakuna mwingine. Tepu nilifuta. Hiki ndicho kilichobaki."

"Nimekaa ndani miezi yote hiyo kumwacha mtu aende, Mwalimu. Nilikuwa nimefika. Leo umenirudishia." Sauti yake haikupanda. "Nimemsikia. Sasa zima."

Akanitazama mimi. Nilimtazama na yeye. Diski ilikuwa mkononi mwake, na tundu la kuitia lilikuwa pale pale mbele ya kidole. Akaiweka mezani. Akazungusha mkono nyuma ya mashine, akazima.

Bi Rukia alivua vile vidude, akazungusha waya wake vizuri, akavilaza juu ya kitambaa cha Bi Zena. "Ahsante," akasema, tukatoka.

Angeweza kuirudia kesho yake. Alikuwa ameshajua ni kiasi gani cha kumchelewesha, na mtu wa masikio kama yale hasahau. Niliutegea ukuta sikio siku ile, na iliyofuata, na sikusikia kidole. Hakuirudia. Bashraf ipo mpaka leo kwa Bi Zena, kwenye diski ya zamani ndani ya bati la biskuti, kamili, vyombo vyote, na Athmani aliyemo humo anafika kwa wakati.